Kabla Hujaing'oa Injini ya 109, Ipime

Kila ninapoona Land Rover 109 (namba hiyo ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) kando ya gereji, boneti limeegemezwa ukutani na injini yake ya asili imelala kwenye vumbi ikisubiri wanunuzi wa chuma chakavu, naumia. Najua yaliyotokea hata kabla sijauliza. Gari lilianza kumisi, yaani silinda kukosa moto mara kwa mara, likawa zito kupanda mlima, likatoa moshi mweusi, petroli ikawa haikai kwenye tangi. Fundi akafungua boneti, akasikiliza kidogo, akafuta mikono kwa tambara na kusema: "Mzee, injini hii imekwisha. Tutafute ya Toyota tuifunge, utakuja kunishukuru." Mwenye gari akakubali kwa sababu hakuwa na la kujibu.

Hilo la kujibu ndilo ninaloandikia leo. Nasema mtu anayemiliki gari kuukuu ni lazima ajue kulipima mwenyewe, na kazi ndogo za injini azifanye kwa mikono yake. Kuchonga kranki, kubadilisha pistoni na kuunga chesisi kuna wenyewe, na mafundi hodari wa Land Rover tunao, kuanzia Arusha na Moshi hadi Mombasa. Lakini kuseti pointi (swichi ndogo ya cheche ndani ya distributa), kurekebisha tapeti (nafasi ya kila valvu), kusafisha kabureta na kukaza breki ni kazi za mwenye gari. Asipozijua, atauziwa injini asiyoihitaji.

Injini ya petroli iliyomo kwenye 109 nyingi ni ile ya lita mbili na robo, yaani sentimita za ujazo 2,286. Ilianza kufungwa kwenye Land Rover mwaka 1958 na ikadumu hadi toleo la Series III lilipofika mwisho mwaka 1985. Ina silinda nne, bloku na hedi (kichwa cha injini) vyote chuma, na kemshafti yake inazungushwa kwa cheni, kwa hiyo hakuna mkanda wa taimingi wa kukukatikia njiani. Mgandamizo wake ni mdogo, 7 au 8 kwa 1, ndiyo maana haichagui sana petroli. Kampuni ya Rover walipoionyesha Land Rover ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, waliyemfikiria ni mkulima, mtu aliye mbali na gereji. Hata tundu la hendeli, ya kuzungushia injini kwa mkono, liliachwa pale mbele ili betri ikifa mtu asilale porini. Chombo kilichoundwa kwa fikra hiyo kinamtaka mwenyewe akiguse.

Gari likianza kumisi, wengi wanakimbilia kabureta. Mimi nasema anza na umeme. Fungua kofia ya distributa uangalie pointi. Zikiwa na vishimo na weusi, badilisha, kisha seti nafasi yake iwe kati ya milimita 0.35 na 0.40. Kondensa ibadilishwe pamoja nazo, maana ikichoka pointi huungua upesi na gari huanza kukata likishapata joto. Shika shafti ya distributa uitikise kwa upande. Ikicheza, pointi hazitakaa sawa hata uzirekebishe kila asubuhi, na dawa yake ni bushi mpya. Waya za plagi ziende kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Kazi yote hii inataka bisibisi, fila (bapa jembamba la kupimia nafasi) na mwanga wa kutosha.

Sasa tapeti, na hapa naomba ukae nami kidogo kwa sababu ndipo injini nyingi nzima zinapohukumiwa bure. Toa kifuniko cha juu, utaziona valvu nane zimejipanga. Zihesabu kuanzia upande wa feni, moja hadi nane. Fungua plagi zote nne ili injini izunguke kwa wepesi, hakikisha gia iko huru, tia hendeli uizungushe polepole huku macho yako yako kwenye springi za valvu. Valvu ya nane ikishabanwa mpaka mwisho, maana yake imefunguka kabisa, na hapo pima ya kwanza. Ya sita ikifunguka, pima ya tatu. Ya nne ikifunguka, pima ya tano. Ukijumlisha mbili hizo unapata tisa siku zote, nane zote mpaka umalize. Hakuna alama ya kutafuta wala kitabu cha kushika mkononi.

Nafasi inayotakiwa ni milimita 0.25, au inchi 0.010, kwa valvu zote. Fila ipite huku unaisikia inaburuta kidogo. Kisha shikilia skrubu kwa bisibisi isizunguke, kaza nati yake, halafu pima tena. Kupima tena ndiko watu wanakokuruka, ilhali nati ikikazwa huivuta skrubu kidogo na nafasi inabadilika. Na ukikuta roka, ule mkono unaoisukuma valvu, imechimbika pale inapoigusa, jua fila itakudanganya: itapita juu ya kishimo na kukuonyesha nafasi ndogo kuliko iliyopo.

Watu wanaogopa tapeti zinazopiga kelele. Mimi naogopa zilizobana. Valvu isiyofunga sawasawa haikai kwenye kiti chake, moto unapita pembeni, ukingo wake unaungua na kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) inashuka. Gari linapoteza nguvu kimya kimya. Fundi akija na geji anakuta silinda moja iko chini, anatamka kwamba injini imekwisha. Ukiwahi kabla valvu haijaungua, tiba yake ni nusu saa ya hendeli na fila.

Moshi mweusi na petroli inayoyeyuka kama maji jangwani vinakupeleka kwenye kabureta. 109 nyingi zina Zenith 36 IV, na kabureta hii ina ugonjwa wake maalumu. Mfuniko wake wa juu hupinda kwa miaka ya kukazwa bila mpangilio, na ule mpira mdogo wa duara uliomo ndani huchakaa. Hapo petroli inapenya mahali isipotakiwa na injini inakunywa kupita kiasi hata ukigeuza skrubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa mpaka uchoke. Usinunue kabureta nyingine. Tandaza msasa laini juu ya kipande cha kioo kinene, lowanisha, kisha sugua uso wa mfuniko kwa kuuzungusha taratibu mpaka ung'ae sawa pande zote. Mahali palipobaki weusi pako chini, endelea. Weka mpira mpya, kaza skrubu kidogokidogo kwa kupishanisha. Nimeiona kazi hii ikirudisha uhai kwenye gari ambalo mwenyewe alikuwa ameshatoa malipo ya awali ya injini nyingine.

Yote haya yakifanyika na bado gari ni dhaifu, ndipo unapima kompresheni. Injini iwe imepata joto, plagi zote nje, waya wa koili umetolewa, mtu akanyage mafuta mpaka chini wakati wa kupiga stata. Usihangaike sana na ukubwa wa namba, angalia zinavyotofautiana. Silinda moja ikiwa chini, mimina oili kidogo kwenye tundu la plagi yake upime tena. Namba ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda, tatizo liko kwenye valvu. Mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, shuku gasketi ya hedi. Valvu na gasketi ni kazi za kufungua hedi tu, na injini yenyewe inabaki palepale ilipo.

Hoja ya wanaobadilisha injini naielewa. Petroli ni ghali, na 109 ikipata kilomita sita kwa lita umefanya vizuri. Anayebeba mchanga au maziwa kila siku anapiga hesabu tofauti na yangu, na akiamua kufunga dizeli simlaumu. Ninachomwomba ajue anachonunua. Injini yenye nguvu kubwa inafungwa kwenye giaboksi ambayo haikuundwa kwa ajili yake, na mzigo wote huo unashuka hadi kwenye shafti za ekseli. Kinachofuata ni gia kuruka, maunti zinazoshikilia injini kupasuka, rejeta isiyotosha, mtikisiko unaofungua nati usiku na mchana. Namba ya injini iliyo kwenye kadi ya gari nayo hailingani tena, na hapo una safari nyingine ya ofisini. Mtu anaondoa tatizo moja alilolijua na kuleta matano asiyoyajua.

Vifaa, kwa wanaotaka kuanza. Nati nyingi za gari hili ni za inchi, na spana tulizozizoea za magari ya Kijapani ni za milimita. Nati ya nusu inchi ina milimita 12.7, kwa hiyo spana namba 13 inaingia na kukupa moyo, halafu inaila kona zake. Ile ya inchi 9/16 ina milimita 14.3: namba 14 haiingii, 15 inacheza. Nunua seti moja nzuri ya spana za inchi hata kama itakuchukua miezi kuijaza. Nati zilizoliwa kona kwenye Land Rover zetu nyingi zimeharibiwa na spana zisizo zake, kisha zikamaliziwa na patasi.

Na kabla hujaingia chini ya gari hili, sikiliza vizuri. Breki yake ya mkono haishiki magurudumu moja kwa moja. Inashika propela shafti, fimbo inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma, nyuma ya giaboksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu (gia za katikati ya ekseli) inaliruhusu lizunguke, na breki ya mkono haizuii tena chochote. Gari linaweza kuteremka kutoka kwenye jeki ukiwa umelala chini yake. Weka mawe au magogo mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, fanya kazi mahali tambarare, na egemeza chesisi kwenye stendi imara. Jeki ni ya kuinulia, kamwe isiachwe ikashikilia gari juu ya mtu.

Breki zenyewe ni ngoma kwenye magurudumu yote manne, na pedali ikianza kushuka mpaka upampu mara mbili, kwa kawaida viatu vimelika na vinataka kusogezwa karibu na ngoma. Skrubu za kurekebishia ziko nyuma ya kila gurudumu, zinafikika kwa spana. Mafuta ya breki yakipungua, usiongeze mafuta yoyote yaliyo karibu. Oili ya injini ikiingia kwenye mfumo wa breki huvimbisha mipira yote, na gharama yake utailipa hadi senti ya mwisho.

Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover za kila umri kwenye tamasha lao, zimeoshwa, zimepakwa rangi, zimepambwa. Nilifurahi. Natamani tamasha lijalo liweke pia meza moja yenye hedi iliyofunguliwa, fila na hendeli, na mzee mmoja anayejua, ili vijana waliorithi magari haya kwa baba zao waondoke wakiwa wameshika valvu kwa mikono yao. Wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba wanaruhusiwa.

Kama gari lako liko gereji sasa hivi na umeshaambiwa injini imekwisha, omba kompresheni ya silinda zote nne ipimwe mbele yako, kavu na kwa oili, na uandike namba hizo nane kwenye karatasi. Kisha muulize fundi ni namba ipi inayomwambia kwamba imekufa. Akikuonyesha, mkae muijadili. Akikataa kuiangalia karatasi, lichukue gari lako ulipeleke kwingine, hata kwa kulivuta.