Wakanada wa Vancouver: ukiondoa "sisi sio Wamarekani" kinabaki nini?

Muulize Mkanada yeye ni nani, utashangaa anaanza na asichokuwa. Mwaka 2000 kampuni ya bia ya Molson ilitoa tangazo lililopendwa sana kule, jamaa kasimama jukwaani anaanza kwa kukana: yeye sio mkata magogo, haishi kwenye nyumba ya barafu, hana mbwa wa kumvuta kwenye theluji. Wanaosema huo utambulisho ni mwepesi wana hoja, na ukienda pwani ya magharibi, uliko mji wa Vancouver, hoja yao inapata nguvu zaidi.

Vancouver hata theluji hawaiwezi. Baridi yao ni mvua, tena mvua ya wiki nzima, na theluji ilipoganda barabarani Januari 2017 watu walijazana kwenye vituo vya zimamoto kugombania chumvi ya bure ya kumwaga mlangoni iyeyushe barafu, huku Wakanada wa mikoa ya ndani wakiwacheka mpaka basi. Alafu angalia ramani, Seattle ya Marekani ni kama masaa matatu kwa gari, milima ileile, samaki walewale, wakati mji mkuu wao Ottawa ni ndege ya masaa manne matano hivi na saa zao ziko mbele masaa matatu. British Columbia yenyewe, yani mkoa wenye Vancouver, iliingia Kanada mwaka 1871 kwa kuahidiwa reli, ambayo ilikuja kukamilika 1885, yani hii ndoa ilianza na mahari.

Na ule upole wanaosifiwa nao je? Mwaka 1914 meli ya Komagata Maru ilizuiwa hapohapo bandarini Vancouver miezi miwili, Wahindi waliokuja nayo wakitaka kuhamia Kanada karibu wote wakarudishwa. Juni 2011 timu yao ya hoki ya barafuni ikafungwa fainali na Boston, wakachoma magari na kuvunja maduka katikati ya mji. Ila (na hapa ndo mi nasita kuwabeza) kesho yake asubuhi watu walitoka na mafagio bila kuitwa na mtu, na zile mbao zilizozibia madirisha yaliyovunjwa zikajaa maandishi ya kuomba radhi. Wapole sio wote, ila wanaona aibu hadharani, na mi naona hiyo nayo ni tabia ya kitaifa.

Upande wa pili wanasema mpaka sio mstari tu wa kwenye ramani. Ukiumwa Vancouver unatoa kadi ya afya ya mkoa, huulizwi bima ya kazini, na uuzaji wa bastola walishausimamisha nchi nzima tangu 2022. Kwa wahamiaji hayo ndo yana uzito kuliko hoki. Kuna wazee wa Kiismailia (wafuasi wa Aga Khan) wa Vancouver na mji jirani wa Burnaby waliotoka Dar, Nairobi na Kampala, wengine walifukuzwa na Amin 1972, hao Kanada wanaijua kama nchi iliyowapokea, habari za kumkana Mmarekani wala haziwahusu sana.

Mi nilikuwa upande wa wanaobeza mpaka 2025, Trump alipokuwa anaiita Kanada jimbo la 51 la Marekani na kuipandishia ushuru. Niliwaza watu wa magharibi ndo watalegea kwanza, kumbe maduka ya pombe ya serikali ya British Columbia yakatoa chupa za Kimarekani kwenye shelfu, na watu waliozoea kuvuka mpaka kufuata petroli na maziwa ya bei poa wakagoma kwenda. Kwa hiyo kitu kipo, hata kama wenyewe hawakielezi vizuri.

Tatizo langu ni nani kaumia na huo mgomo. Point Roberts ni kipande cha Marekani ambacho kwa barabara lazima upite Kanada kukifika, na biashara zake zinategemea wateja wa Kanada. Kiko jimbo la Washington, ambalo 2024 lilimpigia kura Kamala Harris, mpinzani wa Trump, yani mgomo umewapiga watu wa jimbo ambalo hata halikumchagua Trump.