Ngumi Imepita Puani, Eti Haijagusa

Jamani, kwenye huu mchezo wa video wa kupigana, ngumi nimepiga. Macho yangu haya, yenye miwani juu yake, yameiona ikiingia puani mwa yule bwana na kutokea kisogoni. Mstari wake wa uhai haukupungua hata unywele. Yeye akanyoosha mguu, mguu ukaishia hatua nzima mbele yangu, nikaanguka kama gunia.

Mpwa wangu, ambaye ndevu bado hazimjui, akacheka. "Mjomba, mwili unaouona ni picha tu."

Picha tu! Akaingia sehemu ya mazoezi, akabonyeza, wapiganaji wakavishwa mistatili. Mwekundu unapiga, wa kijani unapigwa. Mashine haijui pua wala kisogo. Kila fremu, yaani kila picha moja ya skrini, mara 60 kwa sekunde, inaangalia kama mwekundu wa huyu umepandana na wa kijani wa yule. Kama haujapandana, umepunga upepo.

"Huu wa kupigwa unaitwa hatiboksi, kwa Kiingereza hurtbox."

Hati? Ya kiwanja?

"Mbona mwekundu wangu unaishia kwenye kiwiko, wake umevuka kiatu?"

"Ndivyo walivyompangia."

"Na huu wa kijani unaoufuata mkono wangu?"

"Ukinyoosha mkono, Mjomba, umempa pa kupigia."

Yaani nikikosa, napigwa mkononi, halafu uhai unakatwa wa mwili mzima! Tena ngumi yangu inajiandaa fremu 5, inauma fremu 3, kisha fremu 12 inarudi taratibu kama mtu aliyesahau funguo.

Upo mstatili mwingine wa kusukumana, tusipitane kama mizimu. Kukabwa nako kuna wake. Ukijikinga na ngumi ndio umejileta ukabwe. Na ile ngumi ya kuruka juu! Fremu za mwanzo inamvua mtu ule wa kijani kabisa. Yupo, anaonekana, hapigiki. Nina mdaiwa wa namna hiyo.

Mambo haya yalikuwemo hata kwenye mchezo wa Street Fighter II wa mwaka 1991. Na mimi miaka yote hiyo nalaumu vitufe.

Nikazima, nikaenda kulala kwa heshima zangu. Usiku nikaamka kufuata maji, nikakipita kiti kwa nafasi ya kutosha kabisa, kidole kidogo cha mguu kikajigonga. Nikakaa sakafuni nimekishika, nautafuta mstatili. Na hiyo taa ya ukumbini, nani kaizima?