Dakika saba za Korem na miaka thelathini ya Mo Amin

Mjadala wowote kuhusu namna televisheni za ng'ambo zinavyoionyesha Afrika hauchukui muda kufika Korem. Oktoba 1984, Mohamed Amin, kameramani wa Nairobi, aliingia Korem, kwenye kambi ya wenye njaa kaskazini mwa Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Taarifa yao ilirushwa tarehe 23 mwezi huo. Ikafuata nyimbo za hisani, ikafuata Live Aid, tamasha la muziki la kuchangisha fedha, Julai 1985, na mtoto mwenye mbavu zinazohesabika akahamia kwenye mabango ya michango na hajahama hadi leo. Wanaomshutumu Amin wanasema ndiye aliyeikabidhi dunia picha hiyo, tena akiwa mtoto wa hapa hapa, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam.

Shutuma hiyo ina uzito. Kilichobaki vichwani mwa watazamaji ni ukame, kana kwamba mbingu ndizo zilizokuwa na hatia. Serikali ya Mengistu, mtawala wa kijeshi wa Ethiopia, ilikuwa vitani Tigray na Eritrea, ndege zake zikipiga hata masoko ya vijijini, na mwezi mmoja tu kabla ya taarifa ile ilikuwa imeadhimisha miaka 10 ya mapinduzi kwa fahari kubwa. Misaada ilipoanza kumiminika, watu walihamishwa kwa nguvu kutoka kaskazini kwenda kusini, na Madaktari Wasio na Mipaka wa Ufaransa waliopaza sauti walifukuzwa nchini Desemba 1985. Picha ya mama aliyempakata mtoto haiwezi kukueleza lolote kati ya hayo.

Lakini je, hiyo ni kazi ya picha? Taarifa yote ilikuwa ya kama dakika saba. Hizo saba ndizo ninazozirudia kila mara, kwa sababu kwa taarifa ya habari ni nyingi mno. Habari ya nje kwa kawaida hupewa dakika mbili. Tazama inavyoanza: alfajiri, ukungu na moshi, watu waliojifunika shuka wameketi chini, na kamera inawapitia taratibu bila kuruka. Kameramani mwenye haraka angechukua vipande kumi vifupi, akamwachia mhariri ahangaike navyo. Amin alishikilia. Katika televisheni maneno huandikwa kufuata picha, na maneno ya Buerk yaliyosifiwa sana yalipata nafasi ya kupumua kwa sababu picha zilidumu. Hata hivyo, ukimuuliza Mwingereza wa rika lile nani aliyeleta habari ya Korem, atakutajia Buerk.

Na kufika tu Korem kulikuwa kazi. Addis Ababa haikuwa na hamu ya kuwatoa waandishi kwenda kaskazini. Vibali vilipatikana kwa sababu Amin alikuwa ameshafahamiana na maofisa wa mji ule kwa miaka mingi. Huwezi kununua uhusiano wa namna hiyo kwa tiketi ya ndege kutoka London.

Anayetaka kujua maana ya picha hutengenezwa wapi arudi nyuma miaka 11. Mwaka 1973 Jonathan Dimbleby, mwandishi wa televisheni wa Uingereza, alirusha filamu kuhusu njaa ya Wollo, jimbo lilelile la Korem. Septemba 1974 wanajeshi wa Derg, kamati iliyotwaa madaraka, walizichukua picha zake, wakazichanganya na za karamu za kasri la Haile Selassie, wakazionyesha kwenye televisheni ya taifa usiku wa kuamkia siku waliyomwondoa mfalme. Picha zilizopigwa kuomba msaada ziligeuka hati ya mashtaka, na hakuna kameramani aliyehusika. Aliyehusika ni aliyekaa kwenye chumba cha kuhariri. Mwaka 1984 wahariri na wachangishaji walizikata picha za Korem kwa namna nyingine, wakabakiza mtoto, wakatupa vita.

Halafu kuna kazi yake nyingine yote, ambayo wakosoaji huiruka. Alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, Dar es Salaam mwaka 1963, akiwa na miaka 20. Alipiga picha za Mapinduzi ya Zanzibar, na mwaka 1966 akatupwa gerezani huko huko Zanzibar kwa takriban mwezi mzima. Tom Mboya alipopigwa risasi Julai 1969, Amin alimfuata hadi ndani ya gari la wagonjwa. Alipiga Hija, alipiga wanyama na maziwa ya Bonde la Ufa, akatoa vitabu vikubwa vya picha vinavyoionyesha Kenya na Tanzania kwa rangi za kupendeza. Jicho ni lile lile. Tofauti ni nani alinunua nini.

Hapa kuna jambo linalonisumbua. Amin hakuwa mtu wa mshahara anayetii amri. Alikuwa mfanyabiashara, na alijua vyema wanunuzi wa London wanataka nini. Haraka yake ya kuifikia habari pia iliwagharimu wengine. Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Yeye alipoteza mkono wa kushoto, na John Mathai, fundi wake wa sauti, alipoteza maisha. Amin alirudi kazini na mkono wa bandia uliotengenezwa uweze kubeba kamera, na hadithi hiyo husimuliwa kila mahali. Mathai hutajwa kwa sentensi moja, kama nilivyofanya mimi. Salim, mwana wa Amin, katika filamu aliyotoa mwaka 2006, hafichi kwamba baba huyo hakuwa mtu wa kukaa nyumbani. Amin alifariki Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa ilipoishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na kisiwa cha Ngazidja, Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa.

Kwa hiyo simtakasi. Ila biashara yake hiyo hiyo ndiyo iliyofanya hazina kubwa ya picha zake ibaki Nairobi, kwenye makabati ya Camerapix, badala ya kusambaa Ulaya. Kameramani wengi wa Nairobi, Dar es Salaam au Goma wanaokodiwa leo na watengenezaji filamu wa nje hulipwa kwa siku, hukabidhi kadi za kumbukumbu jioni, na hawaoni tena walichopiga mpaka kirushwe. Anayedai Afrika ionyeshwe vingine aanze na mkataba huo: nakala ya picha ghafi ibaki kwa aliyepiga, na jina lake liandikwe pale linapoandikwa la msimulizi.