Talaka isiyomtafuta mkosaji: Uingereza na kwetu Tanzania

Kwetu Tanzania ndoa ikivunjika, swali la kwanza ni nani aliyekosa, na watu hawatulii mpaka apatikane. Hapa Uingereza ninakoishi sasa, sheria ya England na Wales imeacha kuliuliza. Tangu tarehe 6 Aprili 2022, anayetaka talaka hutamka tu kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na fomu yake, ambayo wengi huijaza kwa intaneti, haimdai athibitishe ugoni, matusi wala ukatili wa mwenzake. Husubiri wiki 20, kisha wiki nyingine 6 baada ya amri ya awali, na ndoa inakwisha. Wapo ndugu zetu huku wanaouita utaratibu huo uhuni uliohalalishwa.

Mimi sikubaliani nao. Zamani aliyetaka talaka ya haraka alilazimika kumchafua mwenzake mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilimkatalia talaka Tini Owens, aliyekuwa ameorodhesha visa 27 vya mumewe, kwa kuwa mume alipinga na visa hivyo havikutosha kisheria. Ikambidi asubiri mpaka miaka 5 ya kutengana itimie.

Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, tuseme kweli, nayo hupima kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na kwa kawaida hairuhusu shauri lifike mahakamani kabla Baraza la Usuluhishi halijathibitisha kwa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha wahusika. Hata hivyo kosa limebaki na uzito mkubwa ndani yake: ugoni, ukatili na kutelekezwa kwa miaka 3 au zaidi huhesabiwa kuwa ushahidi, na mwenye ndoa anaweza hata kumdai fidia aliyezini na mwenzake.

Tatizo langu si sheria hiyo bali vikao vyetu vya ukoo. Katika kimoja nilichohudhuria kabla ya kuondoka, shangazi wa mke alisoma meseji za simu ya mume kwa sauti, moja baada ya nyingine, huku mume akitazama mkeka. Mjomba akatangaza faini, mshenga akaomba radhi kwa niaba ya wote, na ubwabwa ukaletwa. Ada ya shule ya watoto, kodi ya nyumba na deni la kikoba havikutajwa hata mara moja. Mkosaji alikuwa amepatikana, kwa hiyo kila mtu aliona kazi imekwisha. (Mke naye alirudi kwao akiwa ameshinda, na watoto mgongoni.)

Huku mahakama haimtafuti mkosaji, lakini mzazi asiyeishi na watoto asipotoa matunzo, mamlaka ya serikali yaweza kuagiza mwajiri ayakate kwenye mshahara wake, awe alisaliti au alisalitiwa. Hilo ndilo ninalolionea wivu. Sidai kwamba wamepatia kila kitu: mtu aliyeumizwa hapa hana pa kusemea, na nimewaona wakimlipa mshauri nasaha kwa saa ili wasikilizwe, jambo ambalo shangazi wa kwetu hulifanya bure usiku kucha. Kusikilizwa ni haki ya mtu, na sitaki vikao vyetu vife.

Ninachotaka ni kwamba kikao kisifungwe kwa faini. Wazee waulize, na mtu aandike, nani atalipa nini, kuanzia mwezi gani, na watoto watalala wapi. Na Baraza la Usuluhishi, kabla halijatoa hati ya kushindwa, liambatanishe maandishi hayo ili hakimu ayakute mezani. Aliyekosa na aliyekosewa waweke sahihi karatasi moja, hata kama hawasalimiani.