Hata New York cheo cha polisi kilikuwa kinanunuliwa

Wiki jana kwa grupu ya familia wakaanza mchango, nikadhani kuna mgonjwa, kumbe kuna mtu ameahidi kumuingiza mtoto wa shangazi kwa kazi ya polisi huko Kenya akipewa laki tatu, na kwa vile niko Bronx, New York, basi nusu ni yangu. Nikawauliza, hizo hela atazirudisha nani? Si ni yule konda anayekunja hamsini mpaka inabaki kama njiti, anaisukuma kwa kiganja cha afande, matatu hata haijasimama vizuri, na sisi abiria tunaangalia nje.

Kinachoniuma ni hii story eti Mwafrika ndivyo alivyo, wazungu walizaliwa wasafi. Si kweli jamani! 1894 kamati ya seneti ya jimbo hapa, iliitwa Lexow, ilimuapisha kapteni Timothy Creeden akakubali mbele ya watu kwamba alilipa dola 15,000 apate ukapteni, tena marafiki walimchangia, sawasawa na hii grupu yetu. Aliyenunua cheo ilibidi avune kwa madanguro na nyumba za kamari. William Devery, kapteni mwingine, naye alifukuzwa mwaka huohuo, korti ikamrudisha, na 1898 Tammany Hall, wale wanasiasa walioshika mji, wakamfanya chifu wa polisi. Usiku alikuwa anasimama kona ya Eighth Avenue na mtaa wa 28, kando ya bomba la zimamoto, mwenye shida anamfuata hapohapo. 1903 yeye na Frank Farrell, bosi wa kamari, wakanunua timu ya besiboli kwa dola 18,000, ndiyo Yankees ya leo, ile kofia ya NY mnachagua kwa mitumba ya Gikomba.

Hicho cheo cha chifu hakikudumu, 1901 bunge la jimbo huko Albany lilikifuta. Ndio maana vetting yetu ya polisi Kenya, ile ya kuwachuja maofisa, ilipoanza 2013, nikasikia maofisa wanaulizwa M-Pesa zao zimetoka wapi, nilifurahi sana, ingefaa isilegee kabisa.

Sisemi huku ni malaika, mweusi ukisimamishwa usiku moyo unadunda. Lakini juzi taa yangu ya nyuma iliungua, nikaandikiwa karatasi, nikatengeneza, ikaisha, hakuna aliyeniuliza niko na ngapi.

Kwa grupu nimeandika wazi, huyo kijana akitaka kusoma karo nitatuma yote, hiyo laki tatu sitoi hata shilingi. Shangazi ameona tiki mbili za bluu ziko hapo, na hajanijibu mpaka leo.