Programa anapoacha kompyuta na kwenda kulima parachichi

Kijana akimaliza shahada ya kompyuta pale MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichopo Iyunga, swali la kwanza anaulizwa: "Dar unaenda lini?" Baada ya miaka michache ya kutengeneza programu, wapo wanaojiuliza swali jingine: ndiyo nitazeeka nikiwa nimekaa mbele ya skrini? Wengine hugeukia ualimu, wengine biashara ya mbao Mafinga. Wengi ninaowasikia wanataja parachichi, Rungwe au Njombe.

Wanaowazuia wana hoja nzito. Mkopo wa Bodi ya Mikopo aliosomea chuoni unadai marejesho kila mwezi, na shamba halina mshahara. Mche wa parachichi aina ya Hass uliobebeshwa juu ya shina la mche mwingine huanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu, tena kidogo tu. Mtu aliyezoea kubadili mstari mmoja na kuona jibu papo hapo anaingia kwenye kazi ambayo kosa hujificha misimu kadhaa. Amechimba shimo mahali maji yanapotuama, na Tukuyu, mji wa huko Rungwe, mvua hainyeshi kidogo. Atakuja kulijua kosa lake siku mizizi imeshaoza na majani yananyauka.

Hata hivyo, siwezi kukubali kwamba elimu yake imepotea. Programa mzuri amezoea kutafuta chanzo cha kosa, kubadili jambo moja kwanza kabla ya kugusa la pili, na kuandika kila alichofanya. Parachichi linataka hayohayo. Hass haliivi mtini: hukomaa mtini, likaiva baada ya kuchumwa. Hapo ndipo mkulima anapoumizwa. Dalali akija mapema na fedha mkononi, tunda huchumwa changa, na badala ya kulainika linasinyaa. Dawa yake ni kipimo: unakata kipande, unakipima uzito, unakikausha, unakipima tena. Kadiri tunda linavyokomaa, maji hupungua na kinachobaki huongezeka. Kijana anayepima hivyo kila wiki na kutunza kumbukumbu za kila mti anaweza kumwambia dalali "bado" akiwa na ushahidi, na majirani zake wakafaidika. Kwangu, hii ni kazi ya heshima kuliko programu nyingi nilizoziona zikitengenezwa.

Ninachokiogopa ni kilimo cha simu: yuko Dar, anazidisha miti 80 ya ekari kwa kilo na bei, na shamba hajalikanyaga tangu miche ipandwe.

Akiniuliza, nitamwambia ahamie kwanza, aanze na miti ishirini, na kazi ya programu aendelee nayo akiwa hukohuko Tukuyu mpaka miti izae. Hesabu za kila mwaka awaonyeshe wazazi kabla ya kuwaambia kwamba anaacha. Waliuza viazi na ng'ombe ili asome.