Opereta Akague, au Tumwachie Fundi?

Asubuhi, kabla ya kuwasha ekskaveta, mtambo wa kuchimba udongo, opereta anachomoa kijiti cha oili, anakifuta, anakirudisha, anakichomoa tena. Oili imefika kwenye alama, lakini imegeuka nyeupe kama maziwa. Maji yameingia kwenye injini. Akiwasha hivyo hivyo, beringi zitasagika kwa kukosa ulainishaji na injini nzima itakuwa hatarini. Kuligundua hilo kumemchukua dakika chache.

Wanaotaka kila opereta akague mtambo wake kabla ya kazi, wakati wa kazi na baada ya kazi wana hoja nzito. Fundi hukutana na mtambo siku ya sevisi. Opereta hushinda nao, anaujua mlio wake, na mtetemo mgeni anausikia kwenye kiti. Viwanda vya Japani vililifanya hilo kuwa mfumo tangu miaka ya 1970, Seiichi Nakajima akiwa mtetezi wake mkuu: mwendesha mashine asafishe, alainishe, akaze, akague. Usafi una kazi yake hapo, maana ufa hauonekani chini ya vumbi na grisi.

Wanaopinga nao hawabahatishi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwanasayansi Mwingereza C. H. Waddington na wenzake walichunguza ndege za Uingereza zilizolinda pwani, wakakuta hitilafu zikiongezeka mara tu baada ya ukaguzi wa kila saa 50 za kuruka, kisha zikipungua. Kufungua kilicho kizima kulikuwa kunakiharibu. Mwaka 1978, Nowlan na Heap wa shirika la ndege la United Airlines la Marekani walionyesha kwamba asilimia 89 ya vifaa vya ndege walivyochambua havikunufaika na kuwekewa ukomo wa umri, yaani kubadilishwa kila muda fulani ukifika.

Lakini mimi naona ushahidi huo unamtetea opereta. Kinacholaumiwa ni kufungua na kubadilisha kwa kufuata kalenda. Kama kifaa hakifi kwa kalenda, basi tunachobaki nacho ni jicho, sikio na pua ya aliye karibu nacho kila siku.

Penye uozo ni kwenye fomu ya ukaguzi. Opereta anapewa orodha ya vipengele 40, halafu malipo yake yanahesabiwa kwa tripu. Kila dakika ya kukagua inatoka mfukoni mwake, kwa hiyo anatia tiki zote akiwa amekaa ndani ya kebini. Mwingine anakagua kweli, anaandika kwamba mpira wa haidroliki, bomba linalopitisha oili yenye shinikizo, umechubuka, anaambiwa aendelee tu. Kesho anaandika tena. Siku ya tatu haandiki, na siwezi kumlaumu. Aliyemfundisha kunyamaza ni msimamizi.

Mpaka wa kazi yake nao uwekwe wazi, kwa sababu hapa watu wanaumia. Mpira ukivuja kwenye tundu dogo kama la sindano, opereta asipapase kwa mkono kutafuta tundu. Oili yenye shinikizo kubwa hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo linaweza kumpotezea mkono. Azime injini, aripoti, ashushaye shinikizo awe fundi.

Kwa hiyo fomu ifupishwe ibaki na yale yanayoonekana na kusikika, muda wa ukaguzi ulipwe kama kazi nyingine, na pembeni ya kila kasoro pawe na nafasi ya fundi kuandika alichofanya na tarehe. Opereta aisome kesho yake kabla ya kupanda mtambo.